Wageni wa Mwalimu Bujiku

Jalada la kifo cha Mwalimu Bujiku lilikuwa na kurasa kumi na moja, na Inspekta Zuhura Akida alikuwa amezisoma mara tatu kabla chai yake haijapoa. Kurasa kumi na moja kwa mtu aliyeishi miaka sabini na miwili! Hapa Kahama hata aliyeibiwa baiskeli huandikiwa nyingi kuliko hizo.

Habari yenyewe, kama ilivyoandikwa, ilikuwa nyepesi kumeza. Mwalimu alikuwa mstaafu wa Nyahanga, mgane asiye na mtoto, na tangu aache kazi alikuwa na mapenzi mawili tu duniani: kupiga picha ndege wa uani kwake, na kupiga picha pinde na mishale ya zamani aliyorithi kwa wazee wake. Watu humcheka mtu wa namna hiyo, halafu akifa wanasema alikuwa mpole. Jumapili asubuhi, saa tano kasorobo, alikutwa amelala uani, mshale umemzama chini ya mbavu. Aliyekutwa naye ni jirani yake, Maige, damu mpaka viwikoni, mkono wake umeushika mshale huohuo. Maige ni sungusungu wa mtaa, mtu wa upinde tangu ujana, na nyumba zote za karibu zilijua kwamba yeye na mwalimu hawapikiki chungu kimoja kwa sababu ya paka.

Juu ya hayo kulikuwa na shahidi wa macho. Boaz, mpwa wa marehemu, mnunuzi wa dhahabu kule Katoro, alieleza kwamba alikuja kumsalimu mjomba wake kama afanyavyo kila Jumapili, akafika mlango wa uani, akamwona Maige anachomoa mshale kwenye podo linaloning'inia barazani na kumchoma nao mzee. Akaogopa, akakimbilia barabarani kuita watu. Nani angetaka ushahidi zaidi ya huo?

"Bado unalisoma hilo?" Afande Salmini, mkuu wa upelelezi wa wilaya, alichungulia mlangoni, kofia mkononi. "Kesho saa mbili Maige anasimama mahakamani. Mpwa anakuja leo saa tisa kusaini maelezo. Asaini, ulifunge, tuendelee na mengine."

"Ndiyo, afande."

"Ndiyo yako hiyo naijua," Salmini akasema, akaenda zake.

Zuhura akarudi ukurasa wa tisa. Ulikuwa nakala ya daftari la mwalimu, lile alilokutwa nalo mfukoni. Kila siku alikuwa akiandika kichwa kilekile, *Wageni wa leo*, na chini yake ndege waliotua uani: tetere wawili, mnana, chozi dume, shomoro wengi. Siku ya kufa aliandika hao hao, halafu chini kabisa, kwa mwandiko wa haraka: *Mgeni amefika. Baada ya chai nitamwonyesha makinda.* Pembeni Salmini alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Mgeni ni Maige.

Pengine. Lakini Zuhura hakupenda wino mwekundu ukimjibia maswali ambayo hajauliza. Akafunga jalada, akachukua ufunguo wa mahabusu.

Maige alikuwa amechuchumaa pembeni, mgongo ukutani. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mwembamba, shati alilopewa na mkewe limemwelea mabegani.

"Shikamoo, mzee Maige."

"Marahaba, mama. Mwangaluka."

"Mwangaluka," Zuhura akaitikia. Alikuwa mtu wa Tabora, na Kisukuma chake kiliishia hapohapo kwenye salamu. "Mzee, Jumapili ulikunywa chai kwa mwalimu?"

"Chai ya wapi? Kwake nilikuwa siingii tangu Ijumaa. Alinifukuza."

"Alikufukuza kwa nini?"

"Paka wangu. Alipanda juu ya pipa, anawanyemelea makinda. Mwalimu akatoka mbio na kandambili moja mguuni, ile ya pili akanirushia mimi. Mimi, siyo paka!" Maige akatikisa kichwa. "Nikaiokota nikaondoka nayo kwa hasira. Nikasema hii simrudishii, aje mwenyewe aifuate. Iko kwangu mpaka leo, chini ya kitanda."

"Makinda gani hao?"

"Wa shomoro. Kwani wewe hujaonyeshwa? Mtaa mzima tumeonyeshwa. Mwenyekiti aliitwa. Muuza mkaa aliitwa, akaambiwa atue gunia nje asiwashtue. Mchungaji naye aliitwa, akaambiwa asiongee kwa sauti ya ibada. Mimi niliitwa mara nne, mama. Mara ya nne nikamwambia, mwalimu, lakini hawa si ni walewale wa jana? Akaniambia, hapana, leo wamefumbua macho."

Alianza kucheka, halafu kicheko kikamgeukia, akajifuta uso kwa bega.

"Na mshale uliushika wa nini?"

"Usitikisike. Ule una ndoana, ukiuvuta unatoka na nyama, mtu anakwisha palepale. Anayejua hauchomoi. Nilisikia amelia mara moja, nikaruka ua, nikamkuta chini. Nikaushika, nikapiga yowe." Akaugusa mkono wake juu ya kiwiko. "Alinishika huku, kwenye mkono. Kwa nguvu. Mpaka akaachia."

"Ulimwona mtu mwingine?"

"Nilisikia mlango wa mbele ukijibamiza. Niliwaeleza wenzako hilo. Hawakuliandika."

Kweli, halikuwa limeandikwa. Zuhura alihisi aibu isiyo yake ikimpanda mashavuni. Alifunga mlango wa chuma taratibu, kana kwamba kufunga kwa upole kungebadili kitu, akatoka nje kutafuta bajaji ya Nyahanga.

*

Utepe wa polisi ulikuwa bado umezunguka nyumba, lakini ndani ya uwanja kulikuwa na mtu. Mwanamke mnene wa makamo alikuwa ameinama, anamimina maji ya kopo kwenye bakuli la udongo.

"Wewe! Hapa hapaingiliki," Zuhura akamwambia.

"Najua, afande. Naondoka." Mwanamke hakuacha kumimina mpaka bakuli likajaa. "Wanakunywa saa nne. Mwalimu alikuwa hakosi. Tangu afe wanakuja, wanakuta pakavu, wananitolea macho mimi kule kwangu."

Alikuwa Apolonia, Mama Blessing, mke wa Maige. Mumewe yuko mahabusu kwa kumuua mwenye bakuli, na yeye anavuka utepe kuja kunywesha ndege wa marehemu. Zuhura alikuwa na maneno makali tayari mdomoni, akayameza.

"Bakia, Mama Blessing. Nitahitaji mtu wa kushuhudia ninachokifanya."

Walianza na ndani. Sebule ya Mwalimu Bujiku ilikuwa na viti vinne. Vitatu vimejaa magazeti na makasha ya viatu, kimoja tu ndicho kilichokuwa wazi, mto wake umebonyea katikati. Ukuta mzima ulikuwa picha, zilizosafishwa studio mjini na kubandikwa kwa mistari kama darasani. Upande wa kushoto ndege. Upande wa kulia pinde, mishale, kigamba cha ngozi cha kukinga kiganja, na chini ya kila kimoja maelezo kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza: *Upinde wa babu Mwigulu. Mti ni mkole. Upote ni mshipa wa ng'ombe. Haujawahi kuua mtu.*

Zuhura aliisoma hiyo mara mbili. Mtu aliyeandika haya alitegemea msomaji. Aliyaandika ili siku moja mtu aingie, asimame hapa, aulize, naye aeleze. Magazeti juu ya viti yalionyesha kwamba watu wa kukaa hawakuwa wengi.

Jikoni kulikuwa na vikombe viwili vya maua, vimeoshwa na kufudikizwa juu ya sinia. Vingine vinne vya seti hiyo vilikuwa kabatini, bado vina karatasi ya dukani chini.

"Hivi vya maua," Zuhura akauliza, "Maige alikuwa akinywea?"

"Maige?" Apolonia akaguna. "Maige ana kopo lake la bati, lile pale kwenye msumari. Miaka saba analinywea hilo. Hivyo vya maua mwalimu alinunua vya wageni. Mimi mwenyewe sijawahi kuvigusa, na huku naingia kila siku."

Zuhura akaliandika hilo. Kisha akachukua madaftari ya nyuma, yaliyopangwa rafuni kwa miezi, akakaa kwenye kile kiti kilichobonyea na kuanza kusoma. Ilimchukua saa nzima. Tetere, mnana, chozi, shomoro. Hapa na pale katikati ya ndege kulikuwa na mtu. *Maige. Maige na paka. Apolonia, ameleta mlenda. Maige. Mchungaji. Maige.* Mwalimu aliwaandika watu vilevile alivyowaandika ndege, waliotua na muda waliokaa. Jina la Boaz alilikuta mara moja tu, na hilo lilikuwa mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita: *Boaz. Nusu saa. Hakunywa chai.* Baada ya hapo alifungua kurasa mpaka vidole vikawa vyeusi kwa vumbi, Jumapili kwa Jumapili. Boaz hakuwemo.

Lilimpitia wazo, kwamba kama mtu angeandika wageni wake yeye, pale kwenye vyumba vyake viwili Nyasubi, mwezi mzima ungeenea kwenye mstari mmoja. Fundi wa maji, alikosea nyumba. Alifunga daftari akatoka uani. Hakuja hapa kujihurumia.

Uani palikuwa padogo na pasafi. Meza ndogo ilikuwa chini ya mpapai, kiti cha kukunja kando yake. Hapo, alisema Apolonia, ndipo mwalimu alipokuwa akitandika kitambaa cheupe kila Jumapili na kupanga mishale yake juani, aipige picha huku akisubiri ndege. Kitambaa kilikuwa kituoni, pamoja na kamera. Baraza la nyuma lilikuwa na nguzo mbili za mti, na kwenye nguzo ya kushoto, juu kidogo ya kichwa cha mtu, lilining'inia podo. Podo refu la ngozi, jeusi kwa uzee, mikia ya mishale mitatu imechomoza na manyoya yake.

Kwa hiyo ni hapa. Zuhura alifungua maelezo ya Boaz, akasimama alipodai kusimama, kwenye mlango wa uani. Podo lilionekana vizuri. Akahesabu hatua mpaka kwenye nguzo: tisa. Akapima kwa futi urefu wa podo kutoka chini. Mtu wa kimo cha Maige angelifikia bila kujinyoosha. Kila kitu kilikaa sawa, na moyo wake ukawa unazidi kushuka. Basi Salmini alikuwa sahihi, na yeye alikuwa amepoteza asubuhi nzima na vikombe.

Ndipo shomoro akapita karibu na sikio lake. Alikuwa na kiwavi mdomoni. Alitua kwenye ukingo wa podo, akatazama huku na huku, akainama, akazama ndani. Kelele nyembamba zikalipuka humo, kama za watu wanaogombea mlo.

"Ala!" Zuhura akasema.

"Si hao sasa," Apolonia akasema. "Makinda. Kwani ulidhani wako wapi?"

Zuhura akavuta kiti, akapanda. Podo lilikuwa limesheheni majani makavu, nyuzi, manyoya ya kuku, na kipande cha kitambaa cha kanga ya Apolonia. Juu kabisa, kwenye shimo la kiganja kimoja, midomo mitatu ya njano ilikuwa imemfungukia yeye, ikidhani ameleta chakula. Mishale mitatu ilikuwa imezikwa humohumo, majani yamesukwa kuizunguka, mavi ya ndege yamekauka juu ya manyoya yake. Alishika mmoja kwa vidole viwili akauvuta kidogo tu, upana wa kucha. Kiota chote kikainuka nao. Makinda wakapiga kelele, mama yao akaruka na kuanza kumzomea kutoka juu ya bati. Akauachia upesi.

"Mama Blessing. Hiki kiota kina muda gani?"

"Mwezi na zaidi. Mayai tumeyaona, tumewaona wakiwa uchi, tumewaona wakiota manyoya. Mwalimu alikataza mtu asiguse podo hata kwa kufuta vumbi."

"Mishale ilikuwa mingapi?"

"Hiyohiyo mitatu. Siku zote mitatu."

Zuhura alipiga picha kwa simu yake, futi likiwa kando ya podo, kutoka mbele, kutoka juu, kutoka mlangoni. Alimwandikisha Apolonia na kumsainisha. Alipotaka kuondoka, yule mwanamke alimshika mkono wa gauni.

"Afande. Maige atarudi?"

"Sijui bado," Zuhura akasema. Alitamani kusema zaidi.

*

Kituoni alitoa kamera ya mwalimu kwenye chumba cha vielelezo. Picha za Jumapili zilikuwa thelathini na moja. Nyingi zilikuwa za tetere waliogeuka wakati wa kupigwa. Saa nne kasoro dakika kumi kulikuwa na kitambaa cheupe na mishale mitano juu yake, imelala sambamba. Wa nne ulikuwa na manyoya ya kanga, moja limekatika nusu. Zuhura aliweka kando yake mshale uliotolewa mwilini. Manyoya ya kanga, moja limekatika nusu. Mshale uliomuua mwalimu haukutoka kwenye podo. Ulikuwa mezani, mkono wa mtu yeyote aliyesimama hapo ungeufikia.

Yeyote, pamoja na Maige. Hilo alilijua vizuri na lilimkera.

Saa tisa kamili Boaz aliingia. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano, shati limenyooka, simu mbili, pete nene kidoleni. Macho yake yalikuwa yamevimba, na uvimbe ule haukuwa wa kuigiza. Jana makaburini alilia mpaka akashikwa na watu wawili.

"Shikamoo, afande. Nisaini wapi? Nina watu wananisubiri Katoro."

"Marahaba. Kaa kwanza. Nataka maelezo yakae vizuri, wakili asije kuyachezea." Zuhura akachukua kalamu. "Kwa mjomba wako ulikuwa unakuja mara ngapi?"

"Kila Jumapili. Yule ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki mimi niko darasa la pili."

"Mwezi uliopita?"

"Jumapili zote."

"Mnakaa wapi mkiwa pamoja?"

"Uani. Yeye anapiga picha zake, mimi nakaa barazani, tunaongea."

"Hilo podo linaning'inia wapi hasa?"

"Nguzo ya kushoto, kwenye msumari. Tangu niko mdogo liko pale, lilikuwa la babu."

"Lilikuwa na mishale mingapi?"

Boaz akafikiri. "Minne. Maige alipochomoa mmoja, ikabaki mitatu."

"Alichomoa kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Haraka, hivi." Akaonyesha, mkono ukipanda na kushuka kwa wepesi.

"Na ndege?"

"Ndege gani?"

Zuhura aliweka kalamu chini. Feni ilizunguka juu yao. Boaz alimtazama, akatazama mlango, akarudi kumtazama.

"Afande, ndege gani?"

Zuhura akasukuma simu yake mezani. Midomo mitatu ya njano ilijaa kioo chote.

"Hao wako ndani ya lile podo. Wana zaidi ya mwezi, toka mayai. Mchungaji anawajua. Muuza mkaa anawajua. Mke wa Maige amenisainia. Ukichomoa mshale mmoja tu mle, kiota kinatoka chote na makinda wanaanguka chini. Nimejaribu. Leo ni Jumatano, nao bado wako humo wanalishwa." Akavuta daftari la mwalimu. "Ungekuja Jumapili moja, Boaz. Moja tu katika mwezi mzima. Asingekuacha ukae kabla hajakupandisha kwenye kiti uwaone."

Boaz aliigeuza simu ya Zuhura kifudifudi.

"Haya, sikiliza. Haya ndiyo maneno yake ya mwisho. 'Mgeni amefika. Baada ya chai nitamwonyesha makinda.' Wenzangu walisema mgeni ni Maige. Maige alishaonyeshwa mara nne, akachoka. Maige hunywea kopo la bati, na vilivyooshwa ni vikombe viwili vya maua. Mtaani kwao hakuna aliyebaki wa kuonyeshwa. Amebaki nani?"

Simu moja ya Boaz ilianza kulia. Hakuigusa. Ililia mpaka ikanyamaza yenyewe.

"Alisema anataka kunionyesha kitu," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini sana. "Kule nyuma."

Zuhura akamkatiza. Akamwambia, kama sheria inavyotaka, kwamba si lazima aseme, na atakachosema kitaandikwa. Boaz akaitikia kwa kichwa, akaendelea kana kwamba hakusikia.

"Nilikwenda kwa ajili ya kiwanja. Kuna mtu nilishamwahidi, anataka kujenga nyumba ya wageni pale, nilijua mjomba hana wa kumrithi ila mimi. Nikamwambia akakae nami Katoro. Akakataa. Nikamwambia maneno mabaya. Kwamba amebaki peke yake na ndege, kwamba akifa hata mtu wa kumjua hatakuwepo. Akanywa chai yake. Halafu akainuka, akaniambia, njoo huku nyuma. Tukafika barazani. Akaenda moja kwa moja kwenye nguzo, akanyoosha mkono kwenye podo."

Boaz alizungusha pete kidoleni. Jasho lilimtiririka kidevuni.

"Yule mzee ndiye aliyenifundisha upinde, afande. Nikiwa na miaka tisa, kule Ushetu, machungani. Aliniambia, kwetu mtu mkigombana akapeleka mkono kwenye podo, huulizi. Ameshaamua. Nami nilikuwa karibu na meza."

"Hakuwa na upinde mkononi."

"Sikuangalia upinde. Niliangalia mkono." Akaufunika uso. "Nilijua ananiua. Mungu wangu, nilijua ananiua mimi."

Alilia kwa muda, na Zuhura alimwacha. Alikuwa na hasira naye, hasira kubwa, kwa Maige, kwa vikombe vilivyooshwa watu walipokuwa wamejaa uani, kwa uongo uliosemwa bila kupepesa. Lakini pia alikuwa anauona ule mkono wa mzee ukipanda kwenye podo taratibu, kwa uangalifu, mkono wa mtu anayeogopa kuwashtua makinda.

"Naomba nilione," Boaz akasema. "Hilo daftari."

Zuhura akamgeuzia bila kuliachia. Boaz alisoma mstari ule, kidole kikifuata maneno kama alivyofundishwa darasani na yuleyule aliyeyaandika.

"Hakuandika jina langu."

"Hapana."

"Ameandika mgeni."

"Ndivyo alivyoandika," Zuhura akasema, akamwita askari wa zamu.

*

Saa kumi na moja jioni Maige aliachiwa. Afande Salmini alisaini, na alipokuwa anarudisha kalamu alimwambia Zuhura, "Ule wino wangu mwekundu kaufute." Kwake hiyo ilikuwa ni kuomba radhi.

Zuhura alimpeleka mzee mwenyewe mpaka Nyahanga, kwa sababu ilibidi aondoe utepe. Ndivyo alivyojiambia. Apolonia alikuwa mlangoni. Hakupiga vigelegele, alimshika mumewe mashavu kwa viganja viwili, akamtazama, akaingia ndani kuinjika sufuria. Maige naye aliingia, akatoka na kandambili moja ya bluu mkononi. Paka alipotaka kumfuata, akamfungia ndani.

Wakavuka pamoja mpaka uani kwa mwalimu. Kandambili ya pili ilikuwa bado pembeni ya mlango wa jikoni, peke yake. Maige akainama, akaiweka ile ya bluu kando yake, akazinyoosha zilingane.

"Ningeweza kumrudishia tangu Jumamosi," akasema. "Nilikuwa nangoja tu anione nimekasirika kidogo."

Zuhura alikunja utepe mkononi. Nyumbani Nyasubi hakuna aliyekuwa anamsubiri kwa chakula. Shomoro alipita juu yao, akatua kwenye podo, na zile kelele nyembamba zikaanza. Maige akainua kichwa, akavuta kiti cha kukunja mpaka kwenye nguzo, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Mama, wewe ni mgeni hapa," akasema. "Njoo nikuonyeshe makinda."

Alikuwa ameshawaona. Alikuwa na picha zao kumi na mbili kwenye simu, na vipimo vyao kwa sentimita.

"Nionyeshe, mzee," Zuhura akasema, akavua viatu, akapanda juu ya kiti.